Shajara ya mradi: maji ya Lamu kwenye konsoli ya mkononi

Kazi yenyewe ni demo (programu ya maonyesho) ya dakika 4, inayojirudia bila kukoma, ya upande wa bahari wa mji wa Lamu: ukuta wa bahari, nyumba za mawe, vyombo vikipita kwenye mkondo wa bahari, maji yakijaa. Hakuna adui wala pointi za kukusanya. Mtazamaji ana kijiti cha kuzungushia kamera na kitufe kimoja cha kufungulia namba, aone kila kitu kinakula milisekunde ngapi. Kitufe hicho ndicho kilichofanya mradi uanze. Demo nyingi za konsoli huonyesha uzuri zikaficha bei, na sisi tunataka bei ionekane.

Mashine ni Steam Deck ya kampuni ya Valve, ya skrini ya LCD, ile iliyotoka 2022. Si mpya ya juzi, lakini mtu akiipata anaiandikia programu siku hiyohiyo. PlayStation na Nintendo zinataka uandikishwe, ukubaliwe, kisha upate mashine maalumu ya wasanidi. Injini ya gemu ni Godot 4, umbo tunachonga kwa programu ya Blender. Tulichagua Godot kwa sababu ya kifurushi: ni faili dogo la kupakua, ilhali injini kubwa hudai makumi ya gigabaiti, na kwa bando za hapa mtu angekaa wiki akitazama asilimia zikipanda.

Wiki ya 1. Hesabu kabla ya picha

Chipu ya Deck ina vitengo 8 vya michoro vya ukoo wa RDNA 2, hadi GHz 1.6, sawa na teraflopi 1.6 (hesabu trilioni 1.6 kwa sekunde). Prosesa ni kori 4 za Zen 2. Kumbukumbu ni gigabaiti 16, na prosesa na michoro zote mbili zinainywa kwa bomba moja la gigabaiti 88 kwa sekunde. Skrini ni 1280 kwa 800.

Ukiziweka kando ya PS5 (teraflopi 10.28, gigabaiti 448 kwa sekunde) utasema hapa hapana kitu. Lakini gawanya kwa pikseli. Demo maarufu ya Unreal Engine 5 iliyoonyeshwa Mei 2020 kwenye PS5 ilikuwa ikichora takriban pikseli milioni 3.7 (1440p), fremu (picha kamili) 30 kwa sekunde. Hapo kila pikseli ya kila fremu ina fungu la hesabu kama 93,000. Deck kwa fremu 30 ina pikseli milioni 1.02 tu, kwa hiyo kila moja inapata kama 52,000. Zaidi ya nusu! Bomba la kumbukumbu nalo: PS5 kama baiti 4,050 kwa pikseli, Deck kama 2,860. Hizi ni hesabu za karatasini, hakuna programu inayofikia kilele cha chipu, lakini zinatosha kuonyesha kwamba skrini ndogo ni mtaji, na anayeipandishia azimio (idadi ya pikseli) anautupa mtaji huo baharini.

Tumeamua fremu 40 kwa sekunde. Skrini ya Deck inakubali kuwekwa 40 Hz (kubadilisha picha mara 40 kwa sekunde), na fremu 40 ni milisekunde 25 kila moja, katikati kabisa ya 16.7 (fremu 60) na 33.3 (fremu 30). Jicho linaona tofauti kubwa kati ya 30 na 40, na bado tunabakiwa na hesabu 39,000 kwa pikseli.

Kuhusu nini cha kuonyesha, tumetazama zilizotangulia. Mwaka 2000 Nintendo walijaza Mario 128 kwenye jukwaa moja kuonyesha konsoli ya GameCube, na mtu yeyote aliyeona alielewa mara moja mashine inajisifu kwa nini: idadi. Mwaka 2011 demo ya Samaritan ya Epic, watengenezaji wa Unreal, iliendeshwa na kadi tatu za michoro za GTX 580 kwa pamoja, kwa hiyo ilikuwa ahadi ya kesho. Na kuna zile video za 2005 za PS3 ambazo baadaye ilijulikana hazikuwa zikichorwa na mashine hata kidogo. Sheria yetu moja: hakuna video. Kila kinachoonekana kinachorwa papo hapo kwenye mashine iliyo mkononi mwa mtazamaji. Na vitu vya kujisifia ni vitatu tu: maji, matanga, na punda wengi.

Wiki ya 2 na 3. Kuta na milango

Kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa haziigiziki kwa kuchora. Zina mabaka, nyufa, alama za maji ya mvua, na sehemu chokaa imebanduka jiwe likaonekana na matundu yake. Tulipiga picha nyingi za ukuta mmoja na kuiachia programu ijenge umbo.

Mambo yaliyofanya kazi: kupiga kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu asubuhi, kichochoro kikiwa chote kivulini. Jua likishaingia, kivuli kinasogea kati ya picha ya kwanza na ya mwisho, na programu inadhani ukuta umebadilika. Kila picha ifunike asilimia 70 hadi 80 ya iliyotangulia. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani ni vyembamba hivi kwamba huwezi kurudi nyuma ukapata ukuta mzima, kwa hiyo lenzi pana, na safu tatu: moja kwa urefu wa goti, moja kifuani, moja simu ikiwa juu ya fimbo. Simu ifungwe mwanga na rangi, isijirekebishe yenyewe; ukisahau hilo unapata ukuta wenye viraka vya rangi vya mraba.

Yaliyoharibika: punda aliyepita katikati ya kazi aliachia doa la kijivu lenye masikio ukutani. Kilichofuata ni kuchuja picha moja moja kabla ya kuziingiza.

Jingine si la ufundi. Mlango wa nyumba ni wa mtu. Unapiga hodi, unasema unafanya nini, unaonyesha picha, na mlango ukiwa wazi hupigi. Milango mitatu ya nakshi tuliyonayo ndani ya demo imebadilishwa mpangilio wa nakshi kidogo, ili isimwelekeze mtu kwenye nyumba fulani.

Mlango wa kwanza ulitoka na pembetatu (vipande vinavyounda umbo) milioni 4.2. Tukaushusha hadi 18,000 na kuhamishia nakshi kwenye ngozi ya mielekeo (ngozi tunaita picha yoyote inayovikwa umbo; ya mielekeo huiambia injini kila sehemu ya uso imeelekea wapi). Kwa mbele ulipendeza. Kamera ilipopita ubavuni, jua likiwa chini, nakshi ililala bapa kama karatasi iliyobandikwa, maana ngozi hudanganya mwanga tu, ukingo wa umbo haiugusi. Sasa mlango una pembetatu 60,000 kwa karibu, na Godot inaupunguza yenyewe kadiri kamera inavyoenda mbali. Nanite, ile mbinu ya Unreal iliyowawezesha kuweka sanamu ya pembetatu milioni 33 bila kuipunguza kwa mkono, hapa hatuna. Nguvu ya pembetatu tumeiweka palipo na nakshi, na ukuta laini wa chokaa umepewa pembetatu 200 ukatosha.

Kosa la aibu la wiki: demo ilikula kumbukumbu kama megabaiti 700 zaidi ya hesabu. Ngozi 11 za 4096 kwa 4096 ziliachwa bila kubanwa. Ngozi moja ya ukubwa huo ikiwa wazi ni megabaiti 64, na vipunguzo vyake (nakala ndogo za kutazamwa kwa mbali) inafika 85. Ikibanwa kwa BC7, mbinu ya kubana ngozi, ni 21. Mara 11, ni megabaiti 939 dhidi ya 235. Ukiona kumbukumbu imefura, anzia hapo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Wiki ya 4. Jua upande gani?

Toleo la kwanza lilikuwa la magharibi, jua linazama majini, vyombo vinarudi vyeusi juu ya maji ya dhahabu. Likasifiwa na kila aliyeliona isipokuwa watu wa Lamu. Mji umeelekea kisiwa cha Manda, mashariki. Jua huzama nyuma ya nyumba, na jioni ukuta wa bahari uko kivulini. Tulikuwa tumechora kadi ya posta ya mji mwingine.

Jua tumelihamishia asubuhi, kama saa 1, linatokea juu ya mikoko ya Manda na kupiga kuta za mbele. Imetufaa kwa pande mbili: chokaa inang'aa, na jua la chini linatoa vivuli virefu vinavyoonyesha nakshi bila gharama.

Palikuwa na hamu ya kulitembeza jua kuanzia alfajiri hadi usiku. Tumekataa. Mwanga unaodunda kutoka ukuta hadi ukuta ndio unaofanya kichochoro kionekane kichochoro, na mwanga huo tukiupika mapema ndani ya faili haugharimu karibu chochote wakati wa kuchora. Jua likitembea, upishi wa mapema haufai, na mbinu ya kuuhesabu papo hapo ilikula milisekunde 7 kati ya 25. Jua tumelisimamisha, maji ndiyo yatakayotembea.

Wiki ya 5 hadi 7. Maji

Wiki tatu, na mbili kati yake zilikwenda kwa kuchagua mawimbi yasiyo ya hapa.

Mbinu ya kawaida ya bahari ni kujumlisha maelfu ya mawimbi kwa FFT (njia ya haraka ya kuyahesabu kwa pamoja): unatengeneza gridi ya 256 kwa 256, unapitisha hatua 8 kwa mlalo na 8 kwa wima, unapata uso wa bahari unaosogea kwa haki. Tulifanya gridi tatu zilizopandana, ya mita 250, ya mita 40 na ya mita 7. Milisekunde 3.4. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa bahari kuu ya nje ya kijiji cha Shela, mawimbi marefu yenye migongo. Mkondo kati ya Lamu na Manda haufanyi hivyo. Umekingwa, maji yake ni mafupi, yana mikunjo midogo ya upepo, na juu yake mikia ya maboti inayokatana. Gridi mbili za kwanza tukazifuta, tukabaki na moja ya 128 kwa eneo la mita 12. Milisekunde 0.4. Pesa iliyobaki tumeinunulia mikia ya maboti: gridi ya pili ya kimo, 512 kwa 512, inayofuata kamera, kila chombo kikigonga maji kwa alama yake na wimbi likienea lenyewe.

Kwenye hiyo ya mikia kulikuwa na mtego. Gridi inapofuata kamera, ukiisogeza kwa sehemu ya pikseli, mawimbi yote yanatetemeka kana kwamba bahari ina homa. Isogeze kwa pikseli nzima tu, na uhamishe data kwa idadi hiyohiyo. Ukingoni, punguza nguvu ya wimbi polepole kwenye pikseli 32 za mwisho, ama sivyo wimbi linagonga ukuta usioonekana na kurudi.

Uakisi ulitusumbua zaidi. Mbinu ya kutafuta uakisi ndani ya picha iliyokwisha kuchorwa ni rahisi, ila haiwezi kuakisi kisichomo kwenye skrini. Tanga ni refu. Ncha yake ikitoka juu ya skrini, uakisi wake majini unakatika kama umepigwa mkasi. Kila chombo, kila mara. Tukahamia kamera ya pili iliyopinduliwa chini ya maji, inachora upya mandhari kwa 640 kwa 400: majengo kwa umbo dogo, vyombo na matanga tu. Punda hawaakisiwi, na hakuna aliyegundua. Kamera hiyo ya pili huona pia sehemu ya chombo iliyozama, na sehemu hiyo ikatokea kwenye uakisi kama chombo kilichoota tumbo la pili. Dawa ni kutupa, ndani ya sheda (programu ndogo inayoiambia chipu ya michoro ichore vipi), kila pointi iliyo chini ya usawa wa maji. Acha sentimita 15 za ziada chini ya usawa huo, maana mikunjo ya maji ikipindisha uakisi, mwanya mweupe hutokea kandokando ya chombo.

Rangi: toleo la kwanza lilikuwa buluu ya matangazo ya hoteli. Maji ya mkondo hubeba tope la mikoko, na yanapokupwa yanakuwa kijani cha udongo. Tumeweka rangi mbili na kuzichanganya kufuata saa ya maji. Maji yenyewe yanapanda mita 3 ndani ya dakika 4, kimo cha bamvua kilichoharakishwa mno. Ngazi za ukutani zina mstari wa mwani, na chokaa iliyoloa inabaki nyeusi juu ya maji kwa muda: ngozi moja ndogo ya unyevu, inayokumbuka maji yalifika wapi. Kwa kila tulichofanya hadi sasa, hiki ndicho kilichogharimu kidogo zaidi na watu wakakitazama muda mrefu zaidi.

Wiki ya 8. Matanga

Matanga 20. Kila moja ni wavu wa pembe tatu wenye pointi 24 kila upande, jumla pointi 300 na viungo 828. Viungo hurekebishwa mara 16 kwa kila hatua (kipande kidogo cha muda kinachohesabiwa), kwa hiyo matanga yote ni marekebisho 265,000 kwa hatua moja. Tumeyapa prosesa, nyuzi nne, kwa sababu michoro ina kazi ya kutosha na prosesa ilikuwa imekaa.

Tatizo: tanga lilikuwa gumu kama bati fremu zikiwa 60, na legelege kama kanga ya kuanikwa zikiwa 30. Kwenye mbinu hii ya kurekebisha pointi moja kwa moja, ugumu wa kitambaa hutegemea urefu wa hatua na idadi ya marudio. Namba uliyoweka wewe ni sehemu tu ya mambo. Tumefanya mawili: hatua imefungwa kwenye 1/80 ya sekunde, mbili kwa kila fremu, na tumehamia mbinu iitwayo XPBD, ambayo huingiza hatua ndani ya hesabu ya ugumu. Tanga sasa ni lilelile kokote.

Kisha tukalipeleka kwa nahodha mzee, kibarazani. Akaishika konsoli kwa mikono miwili, akaiweka mbali na macho, akangoja chombo cha tatu kipite.

"Wanangu, tanga limelala joshini. Upepo utalibana na mlingoti, halishiki kitu hilo."

Joshini ni upande upepo unakotoka. Tulikuwa tumeifunga foromali (mti unaobeba tanga) upande uleule wa mlingoti kwa vyombo vyote, vinavyokwenda na vinavyorudi. Tanga la pembe tatu hukaa upande upepo unakokwenda. Chombo kikigeuza, foromali huzungushwa kupita mbele ya mlingoti ikahamia upande wa pili. Msimbo wa kurekebisha ulikuwa mistari 9: linganisha mwelekeo wa upepo na ubavu wa chombo, chagua upande. Akasema pia jicho la omoni, mbele ya chombo, liko juu mno. Limeteremshwa.

Wiki ya 9. Punda 200

Kuhuisha mifupa ya punda 200 kila fremu ni kazi kubwa kwa prosesa iliyokwisha kupewa matanga. Badala yake mwendo umeandikwa ndani ya ngozi: kila safu ya pikseli ni fremu ya mwendo, kila pikseli ni mahali pa pointi moja ya mwili. Punda mwenye pointi 1,100 na fremu 48 za kutembea, kwa baiti 8 kila pointi, ni kilobaiti 422. Mielekeo ni kiasi hichohicho. Punda wote 200 wanachorwa kwa agizo moja.

Ukijaribu hili, haya ndiyo yatakayokukuta, kwa mpangilio huu. Punda atakuwa uji, mguu umeungana na sikio: injini imelainisha ngozi kati ya pikseli jirani, na pikseli jirani ni pointi zisizohusiana. Zima ulainishaji na vipunguzo. Punda ataonekana, ila ngozi yake inachemka: faili imebanwa, au imehifadhiwa kwa biti 8. Tumia faili ya aina ya EXR, usiibane. Punda atatulia, kisha utagundua wote 200 wanatikisa kichwa kwa pamoja kama kikosi cha gwaride. Mpe kila mmoja namba yake ya kuanzia na kasi tofauti, asilimia 90 hadi 110. Kasi ikitofautiana, kasi ya kusogea nayo ifuate, la sivyo kwato zinateleza.

Punda 200 barabara ya pwani kwa wakati mmoja ni wengi kuliko kawaida, hata kwa Lamu. Tumewaacha. Demo ina haki ya kutia chumvi pale inapohesabu kitu hadharani.

Wiki ya 10. Kipimo cha nusu saa

Mgawo wa milisekunde sasa, michoro pekee, kwenye kona nzito kuliko zote: majengo na vitu 6.1, vivuli 2.4, maji 3.0 (FFT, mikia ya maboti na rangi), uakisi 3.2, matanga 1.1, punda 1.3, mng'ao na rangi za mwisho 1.6. Jumla 18.7 kati ya 25.

Salio la 6.3 linaonekana la anasa. Si la anasa, ni la joto. Valve wamesema mashine inafanya vizuri hewa ikiwa nyuzi 0 hadi 35, na chipu ikifika nyuzi 100 huanza kujipunguza. Kivulini penye upepo hatufiki huko. Lakini meza ya maonyesho, mchana wa Februari, karibu na ukuta uliopigwa na jua, ni habari nyingine. Tulipima dakika 30 mfululizo chini ya turubai: dakika 5 za kwanza 18.7, dakika ya 30 ilikuwa 21.9. Kipimo kilichochukuliwa dakika ya kwanza kingetudanganya.

Kinachosaidia: kuiinua mashine sentimita 3 kutoka mezani ili pumzi ya chini isizibwe, na kutoiweka juu ya kitambaa. Tumepunguza pia kikomo cha umeme wa chipu kutoka wati 15 hadi 12; wastani ulipanda milisekunde 0.8, lakini ukaacha kuyumba. Mtu haoni 0.8. Fremu moja iliyokwama anaiona.

Angalia fremu mbaya, usitazame wastani. Tulikuwa na wastani wa 19 na bado picha ilishtuka mara mbili kila mzunguko, sekunde ya 41 na ya 130. Chanzo kilikuwa sheda: mlango wa kwanza na punda wa kwanza wanapoingia kwenye kamera, sheda zao zinatayarishwa hapo kwa hapo. Sasa kila kitu huchorwa mara moja nyuma ya skrini ya kufungulia, kidogo tu, fremu moja kila kimoja. Kufungua kumeongezeka sekunde 3.

Betri ni Wh 40. Demo ikivuta jumla ya wati 20 hivi, hesabu saa mbili, na usingoje ifike mwisho. Umeme ukikatika katikati ya maonyesho, mashine ya mkononi haitambui. Hapo ndipo inapoipita konsoli ya sebuleni kwa mbali.

Wiki ya 11. Televisheni

Tulichomeka kwenye televisheni kwa HDMI na demo ikaanguka hadi fremu 21. Ilikuwa imejipandisha yenyewe hadi 1920 kwa 1080: pikseli milioni 2.07, mara mbili ya skrini yake. Kwenye televisheni hapakuwa na kosa, hesabu ya wiki ya 1 imejirudia tu. Tumefunga uchoraji kwenye 1280 kwa 720, FSR 1.0, mbinu ya kukuza picha ndogo, inapandisha hadi 1080. Kamba za vyombo zinaonyesha meno kidogo. FSR 2 inazisafisha, ila ilitugharimu milisekunde 2 zaidi na ikaacha mkia wa ukungu nyuma ya matanga yanayotikisika. Tumebaki na 1.0 na kunenepesha kamba kwa pikseli nusu.

Televisheni iwekwe kwenye hali ya gemu, la sivyo kijiti kinachelewa na watu wanalaumu demo. Na skrini ya 60 Hz haigawanyiki kwa 40, kwa hiyo mwendo unakwenda kwa kukwaruza. Kwenye televisheni tunafunga 30.

Kosa dogo lililokula siku nzima: demo ilikwenda vizuri kwenye kompyuta ya Windows, kwenye Deck vyombo vitatu vikawa uchi, bila matanga. Faili liliitwa Tanga_03 na msimbo uliita tanga_03. Deck ni Linux, nayo herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Majina yote sasa ni herufi ndogo.

Wiki ya 12. Yaliyobaki

Sauti bado: maji ukutani, injini za maboti, kunguru. Siku mbili.

Viraka kwenye matanga. Matanga yetu yote ni mapya, meupe, na chombo cha kazi hakina tanga jipya. Ngozi nne za viraka zimechorwa, mshono wa kila moja unataka kufuata mwelekeo wa uzi.

Nahodha ameomba aone tena chombo kikigeuza, lakini kutoka nyuma, karibu na usukani. Kamera haifiki huko kwa sasa. Ukuta wa kuizuia uko mita 6 kutoka kwenye chombo, na tukiuondoa, uakisi wa kamera ya pili unaonyesha nyumba zisizo na migongo. Nyumba 14 zinahitaji migongo. Tumeanza na tatu.